Jana, Juzi na Majuzi

1. Maneno yanayohesabu kutoka leo

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja siku zilizopita. Mtoto huyajua kabla hajaanza shule, kwa kuwa huyasikia nyumbani kila siku: jana, juzi, majuzi, punde, kitambo. Ni maneno mafupi, na watu huyatumia pasipo kuyafikiri. Lakini mtu akikosea neno moja la wakati, mgonjwa huweza kupewa dawa kabla ya saa yake, mwenye kulipa deni akadaiwa mara ya pili, na asiye na hatia akafungwa. Kwa hiyo yampasa mwanafunzi ayajue maneno haya kama seremala ajuavyo vyombo vyake, kila kimoja na kazi yake.

Neno la kwanza ni leo. Leo ni siku ile ile anayosema msemaji. Siku moja nyuma ya leo ni jana, na siku moja nyuma ya jana ni juzi. Mbele ya leo maneno ni mengi zaidi: kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, yaani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne baada ya leo. Lakini nyuma ya leo maneno ya siku moja moja kwa kawaida hukoma kwenye juzi. Mtu akitaka kurudi nyuma zaidi, humlazimu kuhesabu au kutaja siku kwa jina lake. Husema, "Siku nne zilizopita," au, "Jumatatu iliyopita."

Maneno haya hayakai mahali pamoja. Mtu akisema siku ya Jumatano, jana yake ni Jumanne. Kukicha Alhamisi, jana ni Jumatano, na ile Jumanne imekuwa juzi. Ni kama kivuli, ambacho hufuatana na mtu po pote aendapo. Basi neno jana halina maana kamili mpaka ijulikane ni nani aliyelisema, na alilisema siku gani.

Tena neno juzi lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ya hesabu, siku ya pili nyuma ya leo. Maana ya pili ni pana, yaani siku chache zilizopita, pasipo hesabu. Mtu akikutana na rafiki yake njiani, akisema, "Juzi nilimwona ndugu yako sokoni," huenda ni siku tatu au tano zimepita, na hakuna dhara. Lakini mama akimpeleka mtoto hospitali, akaulizwa, "Homa ilianza lini?" naye akajibu, "Juzi," mganga hawezi kujua kama ni siku mbili au ni siku sita. Imembidi aulize tena, "Juzi gani, mama? Leo ni Ijumaa. Je, ilianza Jumatano?" Mama mwenye busara hujibu tangu kwanza, "Ilianza Jumatano jioni, baada ya chakula."

Ili kuepuka shaka hiyo, mtu asiyetaka kutaja siku kwa hesabu hutumia majuzi, au juzijuzi, au hivi karibuni. Asikiaye majuzi hatahesabu siku, bali ataelewa kwamba jambo si la zamani. Neno juzi na liwekwe kwa ajili ya siku yake yenyewe, hasa mahali penye dawa, fedha au ushahidi.

Maneno hayo mawili, jana na juzi, hutumika katika miaka pia. Mwaka jana ni mwaka uliotangulia huu, na mwaka juzi ni ule uliotangulia mwaka jana. Majuma na miezi husemwa kwa njia nyingine: juma lililopita, mwezi uliopita.

Yako pia maneno ya muda mfupi kuliko siku. Sasa hivi ni wakati huu huu. Punde ni muda mdogo sana, kama vile, "Punde hivi ametoka," maana yake ukitoka mbio utamkuta njiani. Kitambo ni muda tu, na neno peke yake halisemi kama ni mrefu au mfupi. Afadhali liwe na mwenzake: kitambo kidogo, au kitambo kirefu.

2. Leo siku ya ngapi?

Watu wawili wakihesabu siku zile zile huweza kupata hesabu mbili, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Ichukuliwe habari ya mtu aliyeanza kuugua Jumatatu asubuhi. Siku ya Alhamisi asubuhi jirani mmoja asema, "Leo siku ya nne hajainuka kitandani." Jirani wa pili asema, "Siku tatu zimepita tangu augue." Wa kwanza amehesabu siku zenyewe: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jumla nne. Wa pili amehesabu muda uliopita katikati: toka Jumatatu asubuhi hata Jumanne asubuhi ni siku moja, hata Jumatano mbili, hata Alhamisi tatu. Anayesema "leo siku ya nne" huihesabu siku ya kuanzia. Anayesema "siku tatu zimepita" haihesabu. Wale wasiojua jambo hili hugombana bure, kila mmoja akimwita mwenziwe mwongo.

Hata majina ya siku yenyewe yana hesabu ndani yake. Siku kubwa ya watu wa pwani ni Ijumaa, siku ya kukutana msikitini. Siku iifuatayo ni Jumamosi, kwa kuwa mosi ni moja, ni siku ya kwanza ya juma. Kisha hufuata Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, yaani ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Baada ya Jumatano huja Alhamisi, na jina hili la Kiarabu nalo maana yake ni ya tano. Mbona siku za tano zimekuwa mbili, tena zinafuatana? Sababu ni kwamba Waarabu huanza kuhesabu kwa Jumapili, na Waswahili kwa Jumamosi. Hesabu mbili zimekutana katika juma moja, na kila moja imeacha alama yake.

3. Usiku ni wa siku gani?

Katika mambo yote ya siku, usiku ndio unaoleta shida kubwa kuliko yote. Kwa kalenda ya Kizungu siku huanza usiku wa manane na kwisha usiku wa manane, hata usiku mmoja hukatwa vipande viwili. Kwa desturi ya kale ya pwani, siku mpya huanza jua likichwa. Usiku hutangulia, na mchana wake hufuata. Basi kwa watu wa desturi hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi na kwisha Ijumaa alfajiri. Lakini kwa mtu mwenye kufuata kalenda, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Ijumaa yenyewe ikiisha kuchwa. Jina ni moja, nyusiku ni mbili.

Hadithi ifuatayo imetungwa ili kuonyesha hatari yake.

Zamani za maliwali, katika mji mmoja wa pwani, mzee mmoja aliibiwa mbuzi wake. Alikuwa amewahi kugombana na kijana jirani yake, kwa kuwa mbuzi huyo alikula mihogo ya kijana. Siku ya ugomvi kijana alisema mbele za watu, "Mbuzi huyu nitamwondoa mimi." Mbuzi alipopotea, watu walikumbuka maneno hayo, kijana akashikwa. Siku ya Jumatatu akaletwa barazani kwa Liwali.

Mzee akasema, "Bwana Liwali, mbuzi wangu aliibwa usiku wa Ijumaa. Mlango wa zizi ulivunjwa, na kamba ilikatwa kwa kisu."

Karani alikuwa kijana kutoka bara, aliyesoma vizuri na kuandika upesi. Akaandika: mbuzi aliibwa siku ya Ijumaa, usiku, baada ya jua kuchwa.

Kijana akaulizwa, akajibu, "Bwana, mimi sikumchukua. Usiku wa Ijumaa nilikuwa baharini."

Akaitwa nahodha wa chombo, naye akashuhudia: "Ni kweli, Bwana. Tulitoka Alhamisi alasiri, mimi na huyu kijana na wenzetu wawili. Tulivua usiku kucha, tukarudi Ijumaa asubuhi, jua limekwisha panda. Samaki wetu waliuzwa siku ile ile."

Hapo karani akainua kichwa, akasema, "Bwana Liwali, ushahidi huu haumfai kitu. Mbuzi aliibwa Ijumaa usiku, na chombo kilirudi Ijumaa asubuhi. Usiku ule wa wizi kijana alikuwa nchi kavu. Tena amesema uongo, kwani asema usiku wa Ijumaa alikuwa baharini, na nahodha wake mwenyewe asema walikwisha rudi."

Watu barazani wakanong'onezana. Mama yake kijana, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akajifunika uso kwa kanga. Kijana akawa hana la kusema, maana alijua amesema kweli, naye hakuona ni wapi kweli yake ilipogeuka.

Liwali akanyamaza kitambo kidogo. Kisha akamwelekea mzee, akamwuliza, "Mzee wangu, nakuuliza neno moja. Ulipoona zizi limevunjwa, sala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha saliwa, au bado?"

Mzee akajibu, "Bado, Bwana. Niliamka alfajiri, nikaona zizi wazi. Adhuhuri nilipokwenda msikitini niliwaeleza watu wote, nao ni mashahidi wangu."

"Basi ulipolala usingizi ukaibiwa, siku iliyokuwa imekuchwa ni siku gani?"

"Ni Alhamisi, Bwana. Alhamisi ilikuwa imekuchwa, tukaingia usiku wa Ijumaa."

Liwali akamgeukia karani. "Umesikia, mwanangu?"

Karani akasema, "Nimesikia, Bwana. Nami niliandika kama nilivyosikia kwanza."

Liwali akasema, "Uliandika maneno yake, lakini kwa siku yako. Siku ya mzee huyu huanza jua likichwa, na yako huanza usiku wa manane. Kijana naye amesema kwa siku ya mzee, kwa kuwa wote wawili ni watu wa hapa. Futa usiku wa Ijumaa, andika usiku wa kuamkia Ijumaa. Kisha tia tarehe zote mbili, ya jioni na ya asubuhi, ili hata mtu asiyekuwapo leo aelewe."

Karani akafuta, akaandika. Maneno ya mzee, ya kijana na ya nahodha yakapatana. Mbuzi hakupatikana siku ile, wala mwivi hakujulikana. Lakini kijana alirudi kwao pamoja na mama yake.

Mwanafunzi na aangalie kwamba katika habari hii hakuna aliyesema uongo. Mzee, kijana, nahodha na karani, wote walisema kama walivyojua, na hata hivyo mtu alikuwa karibu kufungwa. Dawa ya jambo hili ni neno dogo, kuamkia. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku ambao watu wake wataamka Ijumaa. Hakuna awezaye kuugeuza. Vivyo hivyo husemwa usiku wa kuamkia leo, na usiku wa kuamkia jana.

4. Kitenzi nacho husema wakati

Mtu akijua maneno ya siku lakini akavuruga vitenzi, maneno yake bado yatakuwa na giza. Wakati uliopita una alama zake katika kitenzi, na zilizo kubwa ni -li- na -me-.

Alama ya -li- husimulia jambo lililotendeka wakati wake, likapita: "Mgeni alifika jana." Sentensi hii haisemi kama mgeni bado yupo au amekwenda zake. Alama ya -me- husema kwamba jambo limetimia, na hali yake ipo hata sasa: "Mgeni amefika." Asikiaye hujua kwamba mgeni yupo, na maji ya kuoga yatengenezwe. Mtu akitaka kusema yote mawili, kwamba mgeni alifika siku iliyopita na angali yupo, husema, "Mgeni amefika tangu jana." Neno tangu huishika siku ya nyuma na kuiunganisha na leo.

Tofauti huonekana zaidi katika kukana. "Daktari hakufika" na "Daktari hajafika" si maneno ya namna moja. Hakufika maana yake alingojewa, wakati wake ukapita, naye hakuonekana. Hajafika maana yake mpaka sasa bado, ila anatazamiwa. Mtu aliyembeba mgonjwa mwendo wa saa nyingi, akiambiwa mlangoni, "Daktari hajafika," atakaa kivulini angoje. Akiambiwa, "Daktari hakufika," atamwinua mgonjwa wake atafute msaada mahali pengine. Kosa la silabi moja laweza kumrudisha mgonjwa nyumbani, kumbe daktari yu njiani anakuja.

Jambo likiwa limetendeka muda mfupi kabisa, husemwa, "Ndiyo kwanza afike," maana yake hata kuketi hajaketi. Na jambo likiwa lilitangulia jingine lililopita, alama mbili hutumika pamoja: "Tulipofika bandarini, meli ilikuwa imekwisha ondoka."

5. Neno likisafiri katika barua

Mtu asemaye kwa kinywa husikiwa siku ile ile, na jana yake ni jana ya wasikilizaji. Barua haiko hivyo. Huandikwa siku moja na kusomwa siku nyingine.

Kijana mmoja alikuwa akifanya kazi mbali na kwao. Akapata barua kutoka kwa mdogo wake, nayo ilisema hivi: "Ndugu yangu mpenzi, salamu sana. Baba alishikwa na homa juzi, na jana alizidiwa. Kesho kutwa tutampeleka hospitali kuu. Njoo utukute huko." Juu ya barua hapakuwa na tarehe. Kijana akaigeuza huku na huku. Juzi ya nani? Kesho kutwa ya siku gani? Barua ilikuwa imekaa njiani siku zisizojulikana. Akienda nyumbani, labda wamekwisha ondoka. Akienda hospitali, labda wamekwisha rudi. Barua ilikuwa na habari zote, ila haikuwa na leo, na pasipo leo hakuna jana wala kesho.

Kama mdogo wake angaliandika tarehe moja tu juu ya karatasi, maneno yote yangalipata mahali pake. Ndiyo sababu walimu huwahimiza wanafunzi kuanza barua kwa mahali na tarehe. Hilo si pambo la barua, ni msingi wake.

Anayesimulia habari ya zamani hana budi kubadili maneno. Hawezi kusema jana, kwa kuwa msomaji ataifikiri jana yake mwenyewe. Lugha imempa maneno mengine: siku ile, jana yake, juzi yake, kesho yake. "Harusi ilikuwa Jumamosi. Jana yake watu walipika, na kesho yake wageni walirudi makwao." Hapa jana yake ni Ijumaa, na kesho yake ni Jumapili, hata kama habari hii itasomwa baada ya miaka mia.

6. Siku tatu za Unguja

Habari ifuatayo ni ya kweli, nayo itamsaidia mwanafunzi kuyatumia maneno yote yaliyotajwa.

Siku ya Jumanne, tarehe 25 Agosti 1896, Seyyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, alifariki. Siku ile ile Seyyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la Sultani akajitangaza kuwa mtawala, pasipo kibali cha Waingereza, ambao wakati ule walikuwa na himaya juu ya Unguja. Kesho yake, Jumatano tarehe 26, mkuu wa manowari za Kiingereza, jina lake Harry Rawson, alimpelekea amri ya mwisho: ashushe bendera na kutoka katika jumba kabla ya saa 3 asubuhi siku ya Alhamisi. Seyyid Khalid hakutoka. Alhamisi tarehe 27, dakika chache baada ya saa 3, manowari zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Vita vilikwisha kabla ya muda wa saa moja kutimia. Watu wapatao 500 wa upande wa Seyyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Yeye mwenyewe alikimbilia nyumba ya balozi wa Kijerumani, na siku ile ile Seyyid Hamoud bin Mohammed akafanywa Sultani.

Sasa afikiriwe mtu wa mji akisimulia alasiri ya Alhamisi ile. Angesema, "Juzi Seyyid Hamad alifariki. Jana Waingereza walitoa amri. Leo asubuhi jumba limepigwa mizinga." Kesho yake, siku ya Ijumaa, mtu yule yule angesema, "Jana jumba lilipigwa mizinga." Jambo ni lile lile, ila neno limesogea kwa kuwa msemaji amesogea. Tarehe 27 Agosti 1896 haikusogea, wala haitasogea.

Na usiku ule wa kungojea, je, ulikuwa usiku wa siku gani? Mtu wa kalenda angesema usiku wa Jumatano. Mtu wa desturi ya pwani angesema usiku wa Alhamisi. Anayetaka kueleweka na wote wawili angesema usiku wa kuamkia Alhamisi, kati ya tarehe 26 na 27.

Saa nayo ina hesabu mbili. Waingereza waliihesabu saa ile ya amri kuwa ya tisa, kwa kuwa huanza kuhesabu usiku wa manane. Waswahili waliihesabu kuwa ya tatu, kwa kuwa huanza kuhesabu jua likichomoza. Katika nchi hizi, zilizo karibu na mstari wa ikweta, jua huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, basi hesabu hiyo haipotei sana. Kanuni ya kubadili ni nyepesi: kuzidisha sita au kupunguza sita. Njia nyingine ni kuutazama uso wa saa, mshale mfupi unapoelekea 9, ng'ambo yake ni 3, na hiyo ndiyo saa ya Kiswahili.

Tena saa moja si sawa na muda wa saa moja. "Alikuja saa mbili" ni jibu la kuulizwa alikuja lini. "Amengoja muda wa saa mbili" ni jibu la kuulizwa amengoja kwa kiasi gani. Mwenye kuandika habari asiliache neno muda pale linapohitajiwa.

7. Mambo matatu ya kukumbuka

La kwanza: jana na juzi huhesabiwa kutoka siku ya msemaji. Anayesikia au kusoma na aulize kwanza leo yake ilikuwa siku gani.

La pili: usiku na usemwe kwa neno kuamkia, na kama jambo ni la hospitali au baraza, tarehe zake ziandikwe.

La tatu: kitenzi na kipatane na neno la wakati. Jambo lililokwisha pita lina alama yake, lililotimia na kudumu lina alama yake, na lisilotimia bado lina alama yake.

Maswali

1. Leo ikiwa Jumapili, juzi ni siku gani? Na kesho kutwa ni siku gani?
2. Mtu aliondoka Jumanne asubuhi. Siku ya Jumamosi asubuhi mmoja asema, "Leo siku ya tano." Mwingine asema, "Siku nne zimepita." Eleza kwa nini wote wawili wamesema kweli.
3. Karani katika hadithi alikosea wapi? Kwa nini swali la Liwali juu ya sala ya Ijumaa lilitosha kuonyesha kweli?
4. Eleza tofauti ya maana: (a) Mwalimu hakuja, (b) Mwalimu hajaja, (c) Mwalimu alikuja jana, (d) Mwalimu amekuja tangu jana.
5. Saa ya Kizungu ikiwa saa nane asubuhi, kwa Kiswahili ni saa ngapi?
6. Andika upya barua ya mdogo wake kijana, ili asomaye ajue kila siku iliyotajwa, hata barua ikikaa njiani juma zima.
7. Andika habari ya jambo ulilolifanya siku tatu hizi, ukitumia maneno leo, jana na juzi. Kisha iandike mara ya pili kana kwamba itasomwa na watoto watakaozaliwa baadaye, ukitumia tarehe, siku ile, jana yake na kesho yake.